Leza haigusi chuma, lakini inakiumiza

Nimepotea hapa kwa wiki kadhaa kwa sababu ya kazi, na leo nimerudi nikiwa na hasira, kwa hivyo mnivumilie.

Kuna sentensi moja nimeisikia mara nyingi mno mwaka huu, hapa Ruring'u, kule mjini Nyeri, Nanyuki, na kwa wauzaji wa mashine wanaopanda kutoka Nairobi: "Leza haigusi chuma, kwa hivyo haiwezi kukiumiza." Watu huitamka kwa utulivu, kama wanaokueleza kwamba jua huchomoza mashariki. Kwa geti la nyumba, kibao cha duka au jiko la makaa, sentensi hiyo haina madhara. Geti likitoka na maua yaliyokatwa vizuri, sote tunafurahi. Lakini siku hizi naisikia ikisemwa kuhusu alumini ya ndege na droni. Hapo nasema HAPANA. Hapo ni uongo, na ni uongo wa kuangusha watu.

Najua swali lenu: wewe mtu wa programu unajua nini kuhusu ndege? Nimeshaulizwa. Kazi yangu ni kuandika programu, na mojawapo inapanga vipande juu ya bamba ili mali isipotee bure, kisha inatoa njia ambayo kichwa cha mashine ya leza kitafuata. Kwa hivyo kila mstari unaokatwa umepitia kwangu kwanza. Miezi kadhaa iliyopita karakana moja, ambayo sitaitaja, ilinitumia michoro ya vishikizo vidogo vya alumini ya 7075. Mara niliambiwa ni vya droni ya kunyunyizia dawa mashambani, mara ni vya ndege ndogo ya rafiki yao. Nikauliza: baada ya leza, ukingo utasafishwa kwa nini? Jibu nililopewa: "Usafishwe wa nini, kijana? Unatoka unang'aa kama kioo. Wewe shughulika na kompyuta yako, mambo ya chuma tuachie sisi." Nikakataa kazi hiyo. Pesa ningezipenda, lakini niliikataa.

Sasa acha nieleze kwa nini, maana kukataa bila kueleza ni kiburi tu.

Tuanze na uchovu wenyewe. Neno hili huwachekesha watu: chuma nacho huchoka? Chukua kipande cha waya wa kufungia ua. Ukikivuta kwa mikono miwili hakikatiki, hata uite jirani akusaidie. Ukikikunja huku na huku mara kadhaa kinakatika, na wala hukutumia nguvu. Hiyo ni njia ya mkato, kwa sababu waya unaukunja kupita kiasi. Bawa la ndege halikunjwi hivyo. Linapinda kidogo tu, linarudi, linapinda tena, kila upepo unapolipiga na kila magurudumu yanapogusa ardhi. Lakini hesabu ni ileile, ila badala ya mara kumi na tano unasema mara laki kadhaa au milioni kadhaa. Mzigo ambao hauwezi kukivunja kipande leo utakivunja ukirudiwa vya kutosha.

Feleji nyingi zina kiwango fulani cha mkazo ambacho ukikaa chini yake unaweza kurudia karibu milele. Alumini haina neema hiyo. Ndiyo maana wahandisi wakitaja nguvu yake ya uchovu hutaja pia idadi ya mizunguko. Vitabu vyao vinasema 7075 iliyokomazwa kikamilifu, ile ya T6, huvunjika ikivutwa kwa takriban megapaskali 570. Lakini kwa mizunguko milioni 500 inavumilia kama 160 tu. 2024 ya T3, ambayo ndiyo ngozi ya ndege nyingi, ni takriban 480 na 140. Tazama vizuri. Robo tatu hivi ya nguvu unayoiona kwenye karatasi ya muuzaji imeondoka kabla hata hujaanza kukata! Na nambari hizo ni za vipande vya maabara vilivyosuguliwa vikalainika, visivyo na tundu, visivyo na mkwaruzo.

Hilo la mkwaruzo ndilo kiini cha ugomvi wangu wote. Ufa wa uchovu karibu kila mara huanzia juu ya uso au ukingoni. Katika kipande laini, sehemu kubwa ya maisha yake inaishia katika kusubiri tu ufa uzaliwe. Ukishazaliwa na kukua kidogo, mambo huenda mbio. Kwa hivyo maisha ya kipande yako kwenye ngozi yake. Ukimpa ufa ambao tayari umezaliwa, umemnyima yale maisha marefu ya mwanzo.

Dunia ilijifunza hili kwa gharama kubwa, na hadithi yake inapita hapa kwetu Afrika Mashariki. Watu wa Nyeri wanakumbushwa kila mwaka kwamba tarehe 6 Februari 1952 Elizabeth alikuwa Sagana Lodge alipoambiwa babake amefariki. Jioni ile alipanda Dakota ya East African Airways pale Nanyuki, akapelekwa Entebbe, na kutoka hapo London. Dakota ilikuwa ndege ya kizamani hata siku hizo: polepole, inaruka chini, na hewa ya ndani haikuongezwa shinikizo. Chini ya miezi mitatu baadaye, tarehe 2 Mei 1952, Comet ya BOAC yenye usajili G-ALYP iliondoka London ikielekea Johannesburg, safari ya kwanza ya abiria wa kulipa kwa ndege ya jeti. Vituo vyake vilikuwa Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone. Yaani jeti ya kwanza ya abiria ilitua kwa majirani zetu kabla miji mingi mikubwa ya dunia haijaiona.

Comet iliruka juu sana, kwa hivyo kila safari bodi yake ilijazwa hewa kama puto, ikashuka, ikapumua. Tarehe 10 Januari 1954 G-ALYP hiyohiyo ilipasuka angani karibu na kisiwa cha Elba, Italia, ikiwa na watu 35. Ilikuwa imejazwa hewa na kupumua mara 1,290. Tarehe 8 Aprili mwaka huohuo nyingine ikaanguka karibu na Naples, watu 21. Waingereza wakachukua Comet nyingine, wakaizamisha bodi yake ndani ya tangi la maji kule Farnborough, wakaijaza na kuipumua mchana na usiku. Ikapasuka ilipofikisha jumla ya mizunguko 3,057. Halafu vipande vya G-ALYP vilipotolewa baharini, ufa ulifuatiliwa kinyumenyume hadi kwenye tundu moja dogo, kwenye pembe ya uwazi wa antena juu ya paa. Tundu! Hakuna injini iliyolipuka, hakuna rubani aliyelala. Ni ukingo wa tundu ambalo kidole chako hakiwezi kuingia.

Kama unasema hayo ni ya kale, nenda mwaka 2002. Tarehe 25 Mei, Boeing 747 ya China Airlines ilivunjika angani ikitoka Taipei kwenda Hong Kong, watu 225. Ndege ile ilikuwa imekwaruza mkia wake kwenye barabara ya uwanja Februari 1980. Mafundi waliweka kiraka cha bamba juu, lakini mikwaruzo iliyo chini ya kiraka hawakuiondoa yote kama kitabu cha matengenezo kilivyotaka. Ikaruka miaka 22. Miaka 22 abiria wanakunywa chai juu ya mkwaruzo.

Basi sasa turudi kwenye leza na tuone inaacha nini ukingoni.

Alumini ya ndege si alumini ya sufuria. 2024 ina shaba kama asilimia 4.4 na magnesi kama 1.5, 7075 ina zinki kama 5.6, magnesi 2.5 na shaba 1.6. Nguvu yake haitokani tu na kuchanganywa. Inatokana na kupashwa joto, kuzimwa ghafla kwenye maji, halafu kuachwa ili chembe ndogo sana ngumu zijipange ndani yake. Kwa 7075 ya T6 hatua ya mwisho ni kukaa kwenye joto la nyuzi 120 kwa saa 24. Nyuzi 120! Mafuta ya mandazi ya mama yeyote hapa Ruring'u ni moto kuliko hayo. Mpangilio wote ule unaofanya 7075 iwe 7075 umetengenezwa kwa joto lisiloweza kukaanga andazi, halafu wewe unakuja na mwale unaoyeyusha chuma papo hapo na kuniambia "haujagusa".

Aloi hizi huanza kuyeyuka mapema, 7075 kwenye nyuzi kama 477 na 2024 kama 502, lakini haziishi kuyeyuka hadi kwenye 635 hivi. Katikati ya nambari hizo mbili chuma kiko katika hali ya uji: nusu majimaji, nusu chembe. Leza inakata kwa kuyeyusha na kupuliza. Sehemu kubwa ya ule uji inapeperushwa na gesi, lakini kidogo kinabaki kimeganda juu ya ukingo. Mimi nakiita ukoko, kama ule wa chini ya sufuria ya wali. Ukoko ule unaganda kwa kasi ya ajabu, na chuma kikiganda hunywea. Kinaponywea kikiwa bado uji, kinajichana chenyewe. Hizo ndizo nyufa ndogondogo ambazo jicho halizioni. Nyuma ya ukoko kuna ukanda ambao haukuyeyuka lakini umepikwa, na zile chembe ngumu zimenenepa au zimeyeyukia ndani. Ugumu wake umebadilika. Na kwa kuwa ukingo ulitaka kunywea huku chuma baridi kilicho nyuma yake kikiuzuia, ukingo wote unabaki umevutwa kabla hujauwekea mzigo wowote. Ufa unapenda nini zaidi ya kuvutwa?

Unene wa ukoko hutegemea mashine, gesi, kasi na unene wa bamba: kutoka maikroni chache hadi makumi kadhaa, na ukanda uliopikwa unaweza kwenda ndani zaidi. (Maikroni elfu moja ni milimita moja.) Muuzaji atakucheka: makumi ya maikroni ni kitu gani? Na kule kung'aa anakokusifia, ujue kunatokana na chuma kilichotiririka kikaganda. Kioo anachokuonyesha ndio ushahidi dhidi yake.

Hapa ndipo mtu wa programu anapokuwa na manufaa kidogo. Miaka ya 1960 Mmarekani Paul Paris alionyesha kwamba kasi ya ufa kwa kila mzunguko inafuata kanuni rahisi: hupanda kwa kipeo cha kiasi fulani kinachotokana na mkazo na urefu wa ufa wenyewe. Kwa alumini kipeo hicho ni kama 3 au 4. Nikaandika programu ya mistari isiyozidi 30 kwa Python, nikachukua kipeo cha 3, mkazo uleule, nikaiacha ikokotoe. Ufa ukianza na urefu wa milimita 0.01 hadi kufikia milimita 10, uite muda huo asilimia 100. Sasa anza na milimita 0.1, unene wa unywele mnene, hadi milimita 10 zilezile. Unabaki na asilimia 29. Zaidi ya theluthi mbili ya maisha imekwenda, na kipande bado kinapendeza kwenye picha!

Nikageuza upande mwingine. Acha mwanzo uwe 0.1, lakini tufanye kipande kiwe kigumu sana hata kivumilie ufa wa milimita 20 badala ya 10 kabla ya kukatika. Umepata nini? Asilimia 3 ya nyongeza. Tatu tu. Maisha ya kipande yako mwanzoni, kwenye sehemu ile ya kumi ya milimita, palepale leza ilipopita.

Na hesabu hiyo imewapendelea wauza mashine. Nyufa fupi kabisa huwa hazitii kanuni ya Paris, mara nyingi hukimbia kuliko inavyotabiri. Sikuhesabu ule mvuto uliobaki ukingoni. Sikuhesabu muda ambao ukingo safi ungekaa bila ufa wowote. Ukiniambia ni hesabu ya kompyuta tu, nitakubali, lakini basi niletee ya kwako.

Sasa hoja zao. Nimezisikia zote, nyingine kwa sauti ya juu.

Ya kwanza: "Tulikivuta kwenye mashine, hakikuvunjika." Jaribio la kuvuta mara moja halioni uchovu. Waya wa ua nao ulivutwa haukukatika, tumeshasema. Ukoko wa maikroni 30 kwenye bamba la milimita 3 hauondoi nguvu yoyote ya kutajwa kwenye jaribio hilo, kwa hivyo litafaulu daima. Ni kama kupima afya ya figo kwa kumwambia mgonjwa anyanyue gunia.

Ya pili ni nzuri zaidi: "Mbona bapa za turbini za injini za jeti zinatobolewa kwa leza?" Kweli, yale matundu ya kupoozea hutobolewa kwa leza, na wengine hutumia umeme. Lakini ile ni aloi ya nikeli, tundu limepangwa tangu kwenye mchoro likiwa na ukoko wake, kuna kikomo cha unene wa ukoko kilichoandikwa, na vipande vya majaribio vimekatwa vikaangaliwa kwa hadubini. Wewe hadubini yako iko wapi? Kuna mtu alinijibu kwamba anatumia kamera ya simu.

Ya tatu: "Airbus wanachomelea bodi kwa leza." Ni kweli pia, tena ni mfano unaonisaidia mimi. Kwenye A318, iliyoingia kazini mwaka 2003, na baadaye kwenye A380, baadhi ya mabamba ya bodi upande wa chini yameunganishwa na mbavu zake kwa leza badala ya ribiti. Lakini hawakutumia 2024 wala 7075. Walikwenda kwenye aloi za familia ya 6000, zinazokubali kuyeyushwa bila kujichana. Kampuni yenye pesa zote zile, maabara zote zile, ilipotaka kuyeyusha ngozi ya ndege kwa leza, ilibadilisha chuma kwanza! Halafu karakana yenye mashine ya miezi sita inaniambia 7075 haina neno.

Ya nne husemwa na wale waliosoma: "Leza huongeza maisha ya alumini, umesikia habari ya kupiga kwa leza?" Nimesikia, na ninaipenda. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 watafiti wa Battelle kule Columbus, Ohio, walipiga 7075 kwa mipigo mifupi sana ya leza. Siku hizi uso hufunikwa kwa rangi au utepe na maji hupitishwa juu yake. Rangi inageuka mvuke mkali, maji yanauzuia kutoroka, na mshindo unaingia ndani ya chuma kama nyundo. Unaacha uso umebanwa hadi kina cha milimita moja au zaidi, kuliko kupiga kwa vigololi vya chuma. Uso uliobanwa haufungui ufa kirahisi. Lakini angalia: pale chuma hakiyeyuki, utepe ndio unaoungua. Mwanga ni uleule, kazi ni kinyume. Kusema leza ni nzuri kwa alumini kwa sababu ya kazi ile ni kama kusema moto ni mzuri kwa nyumba kwa sababu unapika.

Wengine watataja leza za mipigo mifupi kabisa, zile zilizompa Donna Strickland na Gérard Mourou tuzo ya Nobel mwaka 2018. Naam, hizo huacha ukanda mdogo sana wa joto. Pia ni polepole na ghali, na hakuna aliyenipigia simu kuniambia ameinunua moja Nyeri.

Kuna jambo dogo nisilisahau: kuchonga nambari. Watu wanapenda siku hizi kuandika nambari ya kipande au ule mraba wa kuskani kwa leza, popote penye nafasi. Kwenye kipande cha ndege mahali pa alama hupangwa na mbunifu, mbali na panapobeba mzigo. Herufi iliyochongwa kwa leza ni mtaro mdogo wenye ukoko. Ukiuchonga karibu na tundu la boliti, umempa ufa anwani. Wala msiniambie mtafunika kwa rangi au kwa ile ngozi ngumu ya kuzamisha kwenye asidi na umeme. Ngozi ile yenyewe hupunguza maisha ya uchovu isipofikiriwa kwenye hesabu.

Labda utasema ninatia chumvi, hapa hatutengenezi Boeing. Sawa, tuhesabu droni. Propela inayozunguka mara 50 kwa sekunde inatikisa mkono wake angalau mara 50 kwa sekunde. Mizunguko milioni moja inatimia kwa saa 5 na nusu za kuruka. Si miaka, saa! Mashamba mangapi hayo, siku mbili au tatu za kazi? Sasa weka mashine ya kilo 25 yenye dawa juu ya wachuma chai kule Othaya, mkono mmoja umekatwa kwa leza na ukaachwa vile. Kenya ina kanuni za droni tangu 2020, na mamlaka ya usafiri wa anga, KCAA, inataka isajiliwe. Lakini usajili hautazami ukingo wa kishikizo. Na kwa ndege zenye watu, zile ndogo zinazotua Nanyuki au uwanja wa Nyeri kule Mweiga, kipande lazima kije na karatasi zake kutoka kwa aliyeidhinishwa. Anayesema "nitakukatia kama ya kiwandani kwa robo ya bei" anakuuzia umbo. Maisha ya kile kipande hakuyakata wala hakuyapima.

Ndege zenyewe za safari fupi ndizo za kuogopewa zaidi, jambo ambalo watu hulipuuza kwa sababu wanahesabu saa. Boeing 737 ya Aloha iliyofunuka paa kule Hawaii tarehe 28 Aprili 1988 ilikuwa na safari 89,680 kwa wastani wa dakika 24 hivi kila moja. Nyufa zilitokea kwenye matundu mengi ya ribiti kwa wakati mmoja zikaungana, kutu na gundi iliyoachia zikisaidia. Mhudumu mmoja alifariki. Visiwani au milimani, ni mizunguko inayohesabiwa.

Sisemi mashine za leza zirudishwe China. Nazipenda, zinanilipa kodi ya nyumba. Nasema hivi: kwa 2024 na 7075 inayobeba mzigo wa kurudiarudia, leza ikate kubwa kuliko mchoro, na ukingo wa mwisho ukatwe kwa kisu cha mashine. Mimi huacha milimita moja nzima, wengine wataona ni nyingi, shauri yao. Halafu msasa, kwa kufuata mwelekeo wa mzigo, usikate mtaro kuuvuka. Matundu yasitobolewe kwa leza hata kidogo. Yatobolewe kwa drili, yalainishwe, na kama kazi ni ya maana yapanuliwe baridi kwa pini ili ukingo ubanwe, kama wanavyofanya viwanda vya ndege kwa miongo mingi sasa. Au tumia maji ya shinikizo kubwa yenye mchanga, ambayo hayapiki chuma, ingawa nayo huacha ukwaru wa kusafishwa. Gharama inaongezeka, ndiyo. Tatizo la hawa jamaa halikuwahi kuwa ujinga. Ni ile nusu saa ya msasa ambayo hakuna mteja anayeilipia kwa sababu haionekani.

Na kwa wanaodai naongea tu, nina ombi. Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi kiko hapa Nyeri, kinafundisha uhandisi wa mitambo na wa mekatroniki, na kila mwaka wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanatafuta mradi. Huu hapa, bure. Bamba moja la 2024 ya T3, vipande vya umbo moja: vingine vikatwe kwa leza viachwe hivyo, vingine kwa leza kisha kisu, vingine kwa kisu peke yake. Visiwe viwili vitatu, maana uchovu hutawanya majibu sana. Angalau kumi kila kundi. Michoro nitachora mimi, na njia za mashine nitatoa bila malipo. Ukikuta nimekosea nambari zangu, tutaziweka hapahapa kwa herufi kubwa. Kinachohitajika ni mashine ya kuvuta na kuachia. Kwa mizunguko 30 kila sekunde, milioni moja inaisha kwa saa 9 na robo. Unaiwasha jioni, asubuhi ukifika ama kipande kimekatika au bado kimesimama. Anayejua mashine ya aina hiyo iko wapi karibu na hapa, na inalindwa na nani, aniandikie.